Vyerehani Vinavyorudi

Tusidanganyane, hakuna kazi inayochosha kama kunakili daftari la mtu mwenye mwandiko mbaya. Binti wa Fundi wa vyerehani aliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya mwaka: madaftari sita yenye majalada magumu, kila ukurasa umepigwa muhuri wa dole gumba lenye mafuta, na baba mtu alikuwa akiandika kama anayefukuzwa na mbwa. "Mama Shanga, hakishoni, tayari." "Yule mrefu wa makoti, kinaruka, tayari." Haya, yule mrefu wa makoti ni nani, na namba yake ya simu ni ipi? Binti akimuuliza, Fundi anatazama dari, anacheka, anasema, "Andika hivyo hivyo, mwanangu. Akija mwenyewe atajijua."

Ndipo baba akambandika jina la Karani, na jina likamganda mpaka wateja wakasahau lile alilozaliwa nalo.

Karakana ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Ukiingia unakuta meza ndefu yenye makovu, rafu za vichwa vya vyerehani vilivyong'olewa kwenye meza zake, na chini debe la vyuma chakavu ambalo kila mgeni lazima alipige teke. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha ndani, na nyuma ya hicho vyumba vya kulala. Nje hapakuwa na kibao. Fundi alikuwa akisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba cherehani kikitoka kwake hakirudi. Alilisema hilo kwa wateja, kwa mafundi wenzake, na siku moja alilisema hata msibani, mkewe akamvuta shati. Na kweli, miaka nenda miaka rudi, vyerehani vilitoka na havikurudi.

Kompyuta iliingia nyumbani humo kwa sababu ya chuo cha ushonaji. Chuo kilikuwa na vyerehani thelathini na vyote vilitengenezwa hapo. Mkuu wa chuo, mama mmoja mpole asiyecheka ovyo, alikuja akasema wakaguzi wanataka kumbukumbu za kompyuta kwa kila kifaa, la sivyo mkataba hautaongezwa. "Fundi, kichwa chako nakiamini," alisema, "lakini kichwa hakichapishiki kwenye karatasi."

Angekuwa mteja mwingine Fundi angemwambia aende salama. Lakini siku hizi watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari, na washonaji wa mitaani wanafunga vibanda mmoja mmoja. Bila chuo, karakana ile ingebaki duka la kuuza sindano na mafuta ya mashine. Hilo Fundi alilijua, mkewe alilijua, na Karani alilijua zaidi ya wote, maana alikuwa ameacha kazi yake ya ofisini na kurudi nyumbani kumuuguza mama yake, na sasa wote watatu walikuwa wanakula kutokana na vyerehani vile thelathini.

Basi Karani akanunua kompyuta iliyokwishatumika, akatengeneza jedwali. Namba ya kazi, tarehe, mteja, simu, namba ya cherehani, tatizo, fundi, hali. Alipofika kwenye safu ya fundi akauliza, "Hapa nimjaze nani?"

"Kwani hapa kuna mafundi wangapi?" baba akamjibu.

Mama alikuwepo, amesimama penye pazia, miwani yake imefungwa uzi mahali penye mkono uliokatika. Alicheka kidogo, akarudi ndani. Karani akaandika "Baba" mara moja, akaburuta kipanya hadi chini, na safu nzima ikajaa Baba, Baba, Baba.

Mama alikuwa mtu wa ndani. Karani amekua akimwona hivyo: kwenye kimeza chake nyuma ya pazia, kichwa cha cherehani mbele yake, kitambaa begani, anapangusa, anatia mafuta, anazungusha gurudumu pole pole na kusikiliza. Karani alijua tangu utotoni kwamba ukimgonga mama kiwiko akiwa pale utakiona cha mtema kuni, yeye ambaye kwa mambo mengine hakuwa na makuu. Baba alikuwa mbele na sauti yake na mizaha yake, mama nyuma na kitambaa chake. Ukimuuliza Karani wakati ule mama yako anafanya kazi gani, angekwambia anamsaidia baba kusafisha.

Aliugua miezi saba, akafa. Sasa ilikuwa mwezi wa nane tangu wamzike, na mkataba wa chuo ulikuwa unakwisha.

Jumatatu mkuu wa chuo alipiga simu. Alitaka orodha Ijumaa, na alitaka ipangwe kwa namba ya cherehani, ile iliyogongwa kwenye chuma, ili wakaguzi waone kila kimoja kimetengenezwa mara ngapi. Kazi ya kubofya mara mbili tu. Karani hakuwahi kuipanga hivyo. Yeye siku zote alipanga kwa namba ya kazi, kama daftari lilivyokuwa, na kwenye daftari la Fundi kila kilichoingia mlangoni kilikuwa kazi mpya. Hata kama kilitoka jana. "Kikiingia kimeingia," ndivyo alivyosema. "Mambo ya kurudi rudi hapa hatuna."

Akabofya. Orodha ikajipanga upya.

Cherehani namba kumi na nne cha chuo: mara saba tangu mwaka uanze. Namba tisa: mara sita. Namba ishirini na mbili: mara sita. Akashuka chini kwa wateja wengine, mambo yale yale. Mama Vifungo, mshonaji wa siku nyingi wa mtaa wa pili: mara tatu. Na tatizo lilikuwa neno moja tu, kinaruka, yaani kinaacha mishono, kinaruka, kinaruka, likifuatwa kila mara na tayari. Wengine walikuwa wamekuja mara mbili, halafu hawakuonekana tena. Kumbe wateja hawakupungua kwa sababu ya nguo za madukani peke yake. Wamechoka, wameona haya kusema, wamekwenda kwingine.

Akapanda juu, kwenye madaftari ya zamani, ambako namba ya chuma angalau haikukosekana. Miaka sita. Kila cherehani kilikuja mara moja kwa mwaka, labda mara mbili, kwa mkanda uliokatika au kutu. Neno kinaruka lilikuwepo, lakini halikurudia namba ile ile. Baba hakuwa ametia chumvi. Vilikuwa havirudi, na ghafla vikaanza kurudi.

Kompyuta haina aibu, inakupa tarehe. Cherehani cha kwanza kurudi kilirudi mwezi wa pili, tarehe kumi na moja. Karani aliijua tarehe hiyo. Ilikuwa wiki ile mama aliposhindwa kukaa kitako, wakaanza kumlisha amelala.

Majonzi hayo, alijiambia. Mzee ameumia, mikono haina nguvu. Jumanne nzima akawa anamtazama baba yake kwa jicho la pembeni. Fundi alifungua kichwa cha namba kumi na nne, akatoa manyoya ya uzi yaliyoganda, akasafisha meno yanayosukuma kitambaa, akabadilisha sindano, akakaza mkanda. Vyote hivyo alivifanya haraka na vizuri, huku akipiga mluzi. Kisha akafika pale penyewe. Chini ya cherehani kuna ndoano inayozunguka, na sindano ikianza kupanda, ndoano lazima ipite nyuma yake juu kidogo ya tundu na kuuchukua uzi. Ikiwahi nukta moja, mshono unaruka. Ikichelewa nukta moja, unaruka. Nafasi kati ya ndoano na sindano haitoshi kupitisha karatasi ya sigara. Nyumbani kwao kazi hiyo waliiita kupatanisha.

Mluzi ulikoma. Fundi alilegeza skrubu, akaikaza, akalegeza tena. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Alifanya hivyo karibu saa nzima, halafu akaweka kipande cha kitambaa, akazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu sana, mishono ikaja yote. Karani alijua, na Fundi naye alijua, kwamba kwa mkono taratibu hata cherehani kibovu kinashona. Hakukanyaga pedali.

"Tayari," akasema. "Andika, Karani."

Naye akaandika.

Jumatano Mama Vifungo akaja, cherehani kichwani, akakitua mezani kwa kishindo. Fundi alikuwa ametoka kutafuta mikanda.

"Mara ya nne," akasema Mama Vifungo. "Kinashona mishono mitatu, kinaacha mmoja, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Nina sare za watu hapo, mwanangu. Nimeshona kola moja mara tano."

"Pole, mama. Naomba nikuulize kitu," akasema Karani. "Kwa nini hamkusema? Mngesema tangu mwanzo kwamba kazi ya baba imeharibika."

Mama Vifungo akamtazama. "Kazi ya baba yako haijaharibika. Baba yako yuko vile vile alivyokuwa siku zote."

"Sijakuelewa."

"Unanitania au unaniuliza kweli?"

"Nakuuliza kweli, mama."

Yule mama akavuta kigoda, akakaa. Alionekana kama mtu aliyekanyaga kitu na hajui akitoe vipi mguuni. "Aliyekuwa anapatanisha ni mama yako," akasema. "Jamani! Wewe hujui? Sisi wote tulijua. Tulikuwa tunampa Fundi mkononi, tunamsifia, tunacheka naye. Kikienda nyuma ya pazia, basi, tunajua kimefika kwa mwenyewe. Baba yako kwa kufungua na kufunga hana mpinzani, usinielewe vibaya. Lakini sikio na mkono vilikuwa vya mama yako."

"Mbona hakuna aliyeniambia?"

"Nani akwambie ya ndani kwenu? Tulidhani unayajua kuliko sisi." Akasita. "Mimi kusema kweli nimekuwa nikija kwa ajili yako. Nilisema, mtoto anajifunza, atakosea kosea, mwisho ataweza. Kwani hakukufundisha?"

Karani akatikisa kichwa.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi," akasema Mama Vifungo. Akasimama, akakitazama cherehani chake, akakibeba tena. Mlangoni akageuka. "Usimwambie baba yako kwamba nilikuja."

Fundi aliporudi na mikanda yake begani alikuta orodha imewekwa mezani, karatasi kumi na mbili, na binti yake amekaa upande wa pili mikono mapajani. Alisoma ukurasa wa kwanza. Akasoma wa pili. Hakusoma wa tatu, akavua kofia.

"Nani amekwambia?"

"Tarehe zimeniambia," akasema Karani. "Baba, ni kweli?"

Ungetegemea angefoka. Mtu mwenye mdomo kama ule, aliyejisifu hadi msibani! Lakini aliongea chini chini kama anayeogopa kusikiwa na vyuma. Alisema fundi hasa alikuwa babu, baba yake mama. Yeye aliingia humo kijana wa kubeba vichwa vya vyerehani kutoka kwa wateja. Babu hakuzaa mtoto wa kiume, akamfundisha binti yake, na binti akamshinda. Babu alipofariki wateja wakaja, wakamkuta mwanamke na bisibisi, wakauliza, mwenye kazi yuko wapi? Wakati huo walikuwa wameshaoana. Yeye akatoka mbele, mkewe akabaki nyuma ya pazia.

"Ilikuwa tuseme kwa mwezi mmoja," akasema. "Wazoee, halafu tuwaambie. Mwezi ukawa miaka ishirini na saba. Na mimi nimejaribu, mwanangu, Mungu anaona. Alinikalisha pale chini akanionyesha mpaka akachoka. Mkono wangu haupajui."

Fundi akazisogeza karatasi kwa kidole.

"Hizi zinafutika, si ndiyo? Unaondoa zile zilizorudi, inabaki mara moja moja. Wakaguzi hawatajua."

"Nikifuta, nani atavipatanisha?"

Fundi akaanza kuipanga mikanda aliyoileta.

"Nakuuliza, baba. Nikifuta, mkataba ukaongezwa, vikaja vyote thelathini, nani atavipatanisha?"

"Sijui," akasema Fundi.

Ndipo likamtoka Karani swali ambalo lilikuwa limemkaba tangu asubuhi. Miezi saba mama amelala ndani, na yeye Karani amekaa chumba cha pili. Ndiyo, alikuwa akiona vichwa vya vyerehani vikipelekwa kitandani. Baba alimwambia mpelekee mama yako akipanguse, kinamtuliza, naye akavipeleka, kwa mikono yake mwenyewe, akaviweka juu ya trei na kutoka. Akavirudisha jioni. Kwa nini mama hakusema neno?

"Alitaka kukufundisha," akasema Fundi. "Alianza kunisumbua toka alipougua. Nilimkataza."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ungejua mimi si fundi." Akakunja kofia, akaikunjua. "Wateja walijua, usidhani sikuona wanavyotazama pazia. Mafundi wenzangu walijua. Mtu aliyeniamini kweli kweli alibaki mmoja dunia nzima, na ni wewe. Nikamwambia mama yako, akinitoka na huyu nitabaki na nini? Akanihurumia. Kila siku alikuwa ananihurumia, yule."

Mficha uchi hazai, wamesema wahenga, na mimi naongeza: akizaa, mtoto ndiye anayelipa. Maana hasira zilimjaa Karani hadi masikio yakavuma, na bado hakuweza kumfokea mzee aliyekaa mbele yake anakunja kofia. Akamwambia tu, "Kula, baba, chakula kinapoa," akaenda chumbani.

Alhamisi alikaa yeye mwenyewe kwenye kimeza cha nyuma ya pazia na namba kumi na nne. Alitafuta video kwenye simu, akakuta watu wanaelekeza vyerehani vipya vya plastiki. Vile vya chuo ni vya chuma, vizee kuliko yeye, vipuri vyake havipatikani. Akapekua jedwali lake. Kazi elfu moja mia tisa na arobaini, ameziandika zote, anajua nani alileta nini, siku gani, na simu yake ya mkononi. Alitafuta mstari mmoja unaosema mama alilegeza skrubu ipi kwanza, aliigeuza kiasi gani, alikuwa anasikiliza nini akizungusha lile gurudumu. Hakukuwa na safu ya mambo hayo. Kulikuwa na hali: tayari. Alivunja sindano tatu, ya nne ikamchoma kidoleni, na saa kumi alipokanyaga pedali cherehani kiliruka mishono yote, hakikushika hata mmoja. Baba yake angalau alikuwa akipata mitatu kwa mmoja.

Alipiga simu kwa mafundi wengine wawili anaowajua. Mmoja alicheka. Wa pili hakucheka, alisema, "Hivyo vya zamani tulikuwa tunampelekea mama yako kimya kimya. Ulikuwa hujui?"

Ijumaa asubuhi mkuu wa chuo akaja mwenyewe. Karani alimpa orodha yote, karatasi kumi na mbili, bila kupunguza mstari. Fundi alikuwa amekaa kwenye kona yake, shati la kupigwa pasi, kofia mkononi. Mkuu wa chuo alisoma akiwa amesimama. Alisoma zote.

"Umeandika kila kitu," akasema.

"Ndiyo."

"Ungeweza kuacha."

"Ningeweza."

"Wasichana wangu wana mtihani wa vitendo mwezi ujao," akasema yule mama. Sauti yake ilikuwa na huruma, na huruma hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. "Mmoja alilia wiki iliyopita. Alidhani ni mikono yake ndiyo mibaya. Fundi, umetufanyia kazi miaka mingi, nakushukuru. Nitatuma gari."

Gari lilikuja saa sita. Vya chuo vilivyokuwa karakanani siku hiyo vilikuwa kumi na moja, wakavibeba kimoja kimoja, dereva na mwenzake, na kila mara walipopita walilipiga teke lile debe. Karani alisimama penye kompyuta. Kila kimoja kilipotoka aliandika kwenye hali: kimechukuliwa. Fundi alimwambia dereva ashike vizuri hicho, mpini wake ni mlegevu, na dereva akamjibu sawa, mzee.

Lilipoondoka, rafu ilikuwa na vumbi lenye alama za miguu ya vyerehani. Fundi akachukua kitambaa akaanza kupangusa. Ni kule kupangusa kulikomtia Karani wazimu.

"Siku moja!" akapayuka. "Siku moja tu ingetosha, baba! Ungemwacha anikalishe pale kitandani siku moja, anionyeshe kwa vidole vyake! Umeua kazi ya babu, umeua kazi ya mama, kwa ajili ya sifa! Mimi ningejali nini kama wewe ni fundi au mbeba mizigo? Wewe ni baba yangu!"

Fundi aliendelea kupangusa mpaka mwisho wa rafu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Alikuita."

"Nini?"

"Sikutaka kukwambia. Nilikuwa nimeamua nife nalo." Sasa akageuka, na uso wake haukuwa na hasira hata chembe. Heri ingekuwepo. "Alinikaidi siku moja. Siku kilipoletwa kile cha mshona mapazia. Mkono wake ulikuwa bado una nguvu. Mimi nilikuwa naingia mlangoni, nikasikia anakuita, njoo mwanangu ukae hapa uone kitu. Nilisimama pale pale, nikasema leo ndiyo leo. Ukamjibu, subiri kidogo mama, nimalizie kuandika. Akasema haya. Akasubiri. Halafu akakifanya mwenyewe."

"Mimi? Hapana. Lini? Sikumbuki."

"Najua hukumbuki. Ilikuwa baada ya dawa ya saa tisa. Hakukuita tena."

Karani alikuwa ameshakaa kwenye kompyuta. Mshona mapazia. Aliandika jina hilo, likaja mara moja: kazi namba elfu moja mia nane na sita, tarehe ishirini na tatu, mwezi wa kumi na mbili. Mama alikuwa amebakiza miezi minne ya kuishi. Jedwali lile lilikuwa linaweka saa na dakika ya kila kitu kinachoingizwa. Akaomba limwonyeshe siku hiyo peke yake.

Hakuwa akimtafutia baba kosa tena. Alikuwa anatafuta pengo. Dakika kumi tu ambazo hakuandika kitu, dakika tano, kiasi cha mtu kusimama, kuingia chumbani, kuuliza unasemaje mama, na kurudi.

Saa tisa na dakika mbili, Mwalimu wa jioni, mkanda umekatika, tayari. Saa tisa na dakika nne, Bibi wa pembeni mwa duka, kutu, tayari. Saa tisa na dakika tano. Saa tisa na dakika saba. Siku hiyo alikuwa na kasi nzuri, alikuwa amefika daftari la nne na mwandiko ameshauzoea. Saa tisa na nusu, saa tisa na dakika thelathini na moja, thelathini na tatu. Alishuka hadi saa kumi na moja na robo, mstari kwa mstari, huku baba yake amesimama nyuma yake na kitambaa mkononi, na kazi sitini na nane alizoingiza mchana ule hazikuachana hata kwa dakika tatu.